Fundi wa plasta anayewataka wanaume walie

Saa tisa na nusu alasiri, Wamuyu Njiru ameshika kidole gumba cha mguu wa mwanamume ambaye hadi leo asubuhi hakuwa anamjua. Anakivuta polepole kuelekea juu. Macho yake hayako kwenye kidole, yako usoni mwa mwenye kidole.

"Unaumwa?"

"Kidogo tu, sista. Niko fiti."

Kidogo tu! Paji la uso limelowa jasho, ilhali madirisha ya wodi yako wazi na upepo wa milima ya Nyambene unapita kwenye vitanda bila kubisha hodi. Mkono wa kulia umekamata chuma cha kitanda hadi vifundo vya vidole vimekuwa vyeupe.

Wamuyu anaachilia kidole, anasubiri kidogo, anakivuta tena. Kijana anatazama dari na kuuma meno.

"Huyu anaumwa vibaya sana," Wamuyu ananong'ona akiondoka kando ya kitanda. "Na hatasema."

Tuko katika wodi ya wanaume ya hospitali moja ya misheni viungani mwa Maua, kaunti ya Meru. Wakubwa wake walikubali simulizi hii kwa sharti kwamba jina la hospitali lisitajwe, na sharti ni sharti. Wamuyu, mwenye umri wa miaka 43, ndiye fundi wa plasta hapa. Kwa mwezi hufunga plasta kati ya tisini na mia moja ishirini, na kwa hesabu yake thuluthi moja ni za wavunaji wa miraa walioanguka mitini.

Kijana wa leo anaitwa Kobia, umri wake miaka 27. Saa tatu asubuhi alikuwa juu ya mti wa miraa uliopandwa na babu yake. Mvua ilikuwa imelowesha matawi. Aliteleza, akaja chini, na mguu wa kushoto ukafika wa kwanza. Muundi ukavunjika.

Saa sita mchana, baada ya eksirei, Wamuyu alimfunga plasta ya nusu, ile inayokaa nyuma ya mguu peke yake na kuacha mbele wazi, kisha akaizungushia bendeji. Kazi safi. Tangu hapo amerudi kumwona mara nne, na kila mara jibu ni lile lile: niko fiti.

Kwenye kiti kando ya kitanda ameketi baba yake, Mzee Kaimenyi, kofia ameiweka gotini. Uso wake una fahari ambayo hata ajali haijaifuta.

"Huyu hasikii uchungu," mzee anasema, akimwambia Wamuyu na wodi nzima. "Mimi mwenyewe nilisimamia mambo yake siku ya kisu, alipotahiriwa. Hakupepesa jicho. Watu wanaongea mpaka leo."

Kobia anajaribu kutabasamu. Tabasamu linakwama njiani.

Hapo ndipo ilipo kazi ya Wamuyu, na si katika ile chokaa nyeupe inayomkausha mikono. Kufunga plasta, anasema, unafundishwa ukajua. Kumtoa mwanamume wa Igembe, eneo hili la Maua, neno "naumwa" mdomoni, hakuna chuo kinachofundisha.

Yeye ni mtoto wa Karurumo, Embu, upande wa Runyenjes. Baba yake alikuwa na bucha hapo sokoni, na Wamuyu alishika kisu kabla ya kushika kalamu vizuri.

"Mbuzi ndiye mwalimu wangu wa kwanza," anasema na kucheka. "Ukichuna mguu wa mbuzi, chini ya ngozi unakutana na utando mweupe, unang'aa, umeng'ang'ania nyama. Baba alikuwa ananiachia niutoe, maana wateja hawautaki, unakwama kwenye meno. Uvute na kucha vile unataka. Hautanuki hata kidogo."

Miaka mingi baadaye, katika chuo cha mafunzo ya afya, mwalimu aliwaonyesha picha ya mguu wa binadamu uliokatwa kati, na Wamuyu akautambua utando ule pale pale. Wenzake walikariri majina. Yeye alikuwa amerudi buchani kwa baba.

Anapowaeleza wagonjwa, hana maneno makubwa. Sehemu ya chini ya mguu, anawaambia, ni nyumba ya vyumba vinne. Kila chumba kina nyama yake, neva zake na mishipa yake ya damu. Kuta zake ni utando ule ule wa mbuzi, na mlango wa kupumulia hakuna.

Mfupa ukivunjika, damu huvujia ndani ya chumba na nyama huvimba. Ukuta haupishi. Mishipa inayorudisha damu moyoni ni laini, kwa hiyo hubanwa ikalala mapema. Mishipa ya limfu, ile myembamba inayoondoa maji yaliyosalia kwenye nyama, inalala pia. Damu inaingia na haitoki.

"Sasa sikia ubaya wake," anasema Wamuyu. "Mishipa ile minene inayoleta damu bado inadunda. Unashika mguu, unasikia mdundo, unasema huyu yuko salama, unaenda kunywa chai. Na huko ndani nyama inakufa."

Muda wenyewe ni mfupi, saa sita hivi, na nyama iliyokufa hairudi. Mapema hivyo, dalili ya kutegemewa ni moja: maumivu yasiyo ya kawaida, hasa kidole kikivutwa. Basi chukua dalili hiyo moja, uiweke mdomoni mwa mtu aliyefundishwa tangu ujana kwamba mwanamume hujikaza kisabuni na kunyamaza. Utaona shida iko wapi.

Wamuyu aliiona miaka tisa iliyopita, na angependa sana kusema aliiona kwa mtu mwingine.

Alikuwa mgeni kazini. Mvunaji wa miaka 23 aitwaye Mithika aliletwa jioni moja, muundi umevunjika vivi hivi. Wakati huo Wamuyu alifunga plasta nzima, ya kuzunguka mguu wote, na akajivunia ilivyotoka laini. Kabla ya kwenda nyumbani alisimama mlangoni mwa wodi akauliza, "Mithika, unaumwa?"

Mithika alikuwa amezungukwa na marika wake na baba yake. "Niko sawa," akajibu. Wamuyu akaenda kulala.

Asubuhi vidole vilikuwa baridi, rangi yake haielezeki. Mguu ulikatwa chini ya goti siku ya pili.

"Nilikuwa nafunga virago," anasema Wamuyu, na hapa sauti yake inapungua. "Nilimpigia baba simu nikamwambia anisafishie kisu, narudi bucha. Nilijua nimemaliza."

Kilichomzuia ni magongo. Wiki ya tatu, hospitali ilimpa Mithika magongo marefu kupita kimo chake, akawa anatembea mabega yamepanda hadi masikioni. Hakuna aliyejali. Wamuyu aliyachukua, akayapima, akayakata kwa msumeno wa plasta, akayarudisha. Mithika aliyajaribu kwenye ujia, akasema, "Sasa haya ni magongo."

Hakurudi mitini. Alijifunza useremala, na leo ana kibanda karibu na lango la hospitali ambako huchonga magongo kwa mbao za mti wa mkima, kila jozi kwa kipimo cha mwenyewe. Ana mke na binti wawili. Kila asubuhi Wamuyu akipita humsalimu, naye hujibu. Miaka tisa, na siku ile hawajawahi kuitaja.

Mara mbili Wamuyu amewahi kumwomba aje wodini azungumze na wagonjwa. Mara mbili Mithika amekataa kwa adabu na kuendelea kupiga randa. Hakuna mtu pale langoni aliyewahi kumwona akikunja suruali, hata siku ya matope.

Turudi wodini, maana saa zinakwenda.

Wamuyu anachukua mkasi mkubwa na kukata bendeji yote ya Kobia, kuanzia vidoleni hadi juu ya goti. Anakata na pamba iliyo chini, mpaka ngozi inaonekana. Anaiondoa plasta, anaulaza mguu sambamba na kifua, si juu wala chini, anaushikiza kwa mito. Kwa kawaida mgonjwa aliyebanwa na plasta hupata nafuu hapo hapo.

Anasubiri. Anakivuta kidole. Jasho jipya linatoka.

"Vyangu vyote nimetoa," anasema. "Sasa anayembana ni utando wake mwenyewe."

Anamwita Daktari Sahra Abdirahim, daktari wa upasuaji, mzaliwa wa hapa hapa Maua, ambaye baba yake aliendesha malori ya mizigo na bado humwuliza bintiye ni lini atapata kazi ya kukaa. Daktari Sahra anabonyeza shavu la mguu kwa vidole viwili. Halibonyei. Limekuwa gumu kama ubao.

"Huyu anaingia chumba cha upasuaji jioni hii, si kesho," anasema. Kisha anamgeukia Kobia. "Nataka kupasua ngozi na ule utando pande mbili za mguu, ili nyama ipumue. Nitaacha wazi siku chache, halafu nifunge. Unanielewa?"

Kobia anamtazama baba yake, kisha daktari. "Mnataka kukata mguu wangu?"

"Kuupasua. Ili usikatwe."

"Lakini mimi siumwi, daktari. Mtanipasua ya nini?"

Amejifunga mwenyewe! Tangu saa sita amesema yuko fiti, na sasa akisema vingine atakuwa amelia mbele ya baba yake na mbele ya marafiki watatu walioegemea ukuta. Bila yeye kukubali na kutia sahihi, hakuna kisu kitakachomgusa.

Wamuyu anamwomba Mzee Kaimenyi aende kantini akamletee mgonjwa maji. Ni hila ya zamani, na mara nyingi hufaulu. Mzee anatoka, marafiki wanatoka naye. Wamuyu anainama sikioni mwa Kobia.

"Mwanangu, wameenda. Niambie ukweli."

Macho ya Kobia yamejaa. "Iko sawa tu, mama," unasema mdomo wake.

Wamuyu ananyoosha mgongo. Anaangalia saa ya ukutani: saa kumi na dakika kumi. Halafu anafanya jambo ambalo wauguzi hawajawahi kumwona akifanya. Anakimbia.

Mithika yuko kibandani na penseli sikioni. Wamuyu anafika akihema, koti la kazi limejaa vumbi la plasta.

"Mithika. Kuna mwingine. Ananyamaza."

Mithika hapigi randa safari hii. Anaweka penseli chini, anachukua gongo lake, anasimama.

Wakifika kwenye ngazi za wodi, Mithika anasita. "Baba yake yuko?"

"Alikuwa amekaa pale pale," Wamuyu anajibu. "Nilimtuma maji. Atakuwa amerudi."

Kweli amerudi, chupa ya maji mkononi, na marafiki nao wamerudi ukutani. Mithika anavuta kiti kingine na kuketi karibu na kichwa cha Kobia. Bila hotuba, bila kujitambulisha, anainama, anakunja suruali hadi gotini, anafungua mikanda ya mguu wa bandia na kuuweka juu ya kitanda, kando ya mguu wa Kobia uliovimba. Wodi nzima inageuza vichwa. Hata mzee wa kitanda cha dirishani, aliyekuwa akikoroma, ameamka.

"Baite," anamwambia Kobia kwa sauti ya kawaida kabisa, kama wanaume wa Meru wanavyoitana, "vidole bado ni vyako, ama vimeanza kuwa vya mtu mwingine?"

Kobia anaangalia ule mguu wa bandia.

"Vya mtu mwingine," anasema. "Hapa katikati ya kidole kikubwa na hiki kingine, sisikii kitu."

"Na juu yake kunachoma kama nyama inapasuliwa ndani."

"Eeh."

"Na ukisema, utakuwa umejiaibisha."

Kobia anamtupia baba yake jicho. Mithika anamgeukia Mzee Kaimenyi, na kwa heshima yote anamwita kama anavyomwita baba yake.

"Baba, mimi nilinyamaza kwa saa kumi na tatu. Hapa hapa, kitanda kile. Baba yangu alikaa kwenye kiti kama hicho akiwaambia watu vile mimi ni mwanamume. Alijivunia mpaka asubuhi. Tangu siku hiyo hajawahi kusema tena hilo neno, na mimi ningependa aliseme, kwa sababu sikuwa na makosa na yeye hakuwa na makosa. Tulifundishwa kunyamaza. Hakuna mtu alitufundisha mahali pa kuachia."

Mzee Kaimenyi anaiweka ile chupa ya maji sakafuni. Anasogeza mkono wake mkubwa, uliokakamaa kwa jembe, anaushika mkono wa mwanawe uliong'ang'ania chuma cha kitanda, anabandua kidole kimoja kimoja.

"Lia," anasema. "Mimi baba yako nimekwambia. Lia, mwanangu."

Jamani, sauti iliyotoka pale! Kobia alilia hadi wauguzi wa wodi ya akina mama wakaja kuchungulia. Alilia na kutia sahihi kwa wakati mmoja, karatasi ikalowa. Marafiki watatu ukutani waliangalia viatu vyao, kisha mmoja akaja akamshika bega.

Saa kumi na moja jioni Daktari Sahra alifungua mguu ule pande mbili. Wamuyu alikuwapo, akishika taa ya pembeni. Anasema utando ulipopasuka, nyama iliyokuwa ya kijivu ilituna nje, na baada ya dakika chache ikaanza kuwa nyekundu.

"Nyekundu ya bucha," anasema. "Nyekundu ya nyama nzima. Nililia na mimi, nani atanikataza?"

Alipotoka alimkuta Mithika kwenye benchi la ujia, ameshavaa mguu wake. Akaketi kando yake. Ndipo kwa mara ya kwanza katika miaka tisa akasema alilokuwa nalo.

"Mithika, siku ile niliuliza vibaya."

"Wewe uliuliza," Mithika akajibu. "Mimi ndiye nilikudanganya."

"Niliuliza nikiwa mlangoni."

"Hiyo ni kweli," Mithika akasema. "Ulikuwa mlangoni." Akacheka kidogo, na Wamuyu, ambaye hakuwa ametarajia kucheka siku hiyo, akacheka naye huku akijifuta machozi kwa mkono wenye vumbi la plasta.

Sasa ni wiki ya tatu. Vidonda vya Kobia vimefungwa, kimoja kwa nyuzi na kingine kwa kipande cha ngozi kutoka pajani. Mguu bado umevimba kiasi. Mama yake alikuja na mafuta na maji moto ya kuukanda, na Wamuyu akamzuia mlangoni kwa heshima. Vile vijishipa vya limfu hupita chini tu ya ngozi, akamweleza, na vilivyopita kwenye mkato wa kisu vinatafuta njia mpya. Havitaki nguvu. Vinataka mguu uinuliwe sasa, na mkono mwepesi unaopapasa kuelekea juu, kama mtu anayempangusa kifaranga.

Mshahara wa Wamuyu ni shilingi elfu thelathini na mbili, za mkataba unaohuishwa kila mwaka. Anasema hilo haraka na kulipita. Anachotaka kuzungumzia ni Desemba.

Desemba ndio msimu wa wavulana kutahiriwa. Kanisa la karibu huwaweka pamoja kwenye kambi wiki kadhaa, na huko wazee na vijana waliotangulia huwafundisha mambo ya utu uzima, likiwamo la kuvumilia kimya. Wamuyu hataki somo hilo lifutwe. Anataka liongezwe sentensi moja.

"Waambiwe: kwa kisu nyamaza ukitaka, lakini ndani ya plasta, sema," anaeleza. "Nusu ya hao watapanda miti au wataendesha boda. Nitawapata huku. Nataka waje wakijua."

Tatizo ni kwamba mwanamke haruhusiwi kutia mguu kambini. Kwa miaka kadhaa sentensi hiyo imekosa wa kuibeba. Mwaka huu Mithika ameikubali, na Mzee Kaimenyi amesema atakwenda naye. Wamuyu atawapa mguu wa mbuzi ambao haujatolewa utando, wa kuwaonyesha wavulana, na atabaki nje ya ua.

Mchana huu Mithika ameleta magongo ya Kobia, yamechongwa kwa kipimo, mishikio imefungwa mpira wa baiskeli. Kobia anayakagua, anauliza atalipa nini.

"Haya siuzi. Nakuazima," Mithika anamwambia. Miaka yote hii hajawahi kuazima mtu magongo. "Mwezi wa pili uyarudishe, ukitembea."

Wamuyu anasogea hadi karibu kabisa na kitanda, anakishika kidole gumba, anakivuta juu.

"Unaumwa?"

"Naumwa, mama! Uui! Naumwa!" Kobia anapiga kelele, na wodi nzima inaangua kicheko.

Wamuyu hacheki. Anakivuta tena, taratibu zaidi, na kumtazama usoni. "Wapi?" anauliza.